Kutua salama pale barabara inapokata njia ya ndege

Rubani anayetoka uwanja wa Wilson wa Nairobi au Moi wa Mombasa amezoea uzio. Njia ya ndege imezungushiwa seng'enge, kuna mnara, na kuna sauti redioni ya kumwambia njia iko wazi, tua. Ukiondoka Mombasa kwenda viwanja vidogo vya Pwani na bara yake, vile vya mashamba, vya mahoteli, vya misheni, hayo matatu huyakuti. Unachokuta ni ukanda wa lami au wa murramu, mfuko wa upepo uliochanika, na njia ya watu inayopita katikati. Pengine ni kijia cha miguu tu. Siku hizi mara nyingi ni barabara kamili yenye bodaboda, mikokoteni, punda wa maji na kenta la mchanga.

Nawaandikia marubani wachanga wa ndege ndogo, hasa nyinyi mnaoshuka Pwani kwa mara ya kwanza. Mimi hurusha Cessna 172 kutoka Moi na kufundisha, na hakuna jambo ninalolisisitiza kuliko hili: watu wa kivuko, yaani wa pale barabara inapokata njia ya ndege, hawajui kanuni zako, wala hawana deni la kuzijua. Mara nyingi walikuwa wakiipita njia ile kabla kiwanja hakijachongwa. Mzigo wa usalama umo mikononi mwako wewe uliye hewani, na kazi huanza kabla hujawasha injini.

Kuna mahali duniani ambapo jambo hili limefanywa kwa utaratibu kamili. Gibraltar, barabara kuu ya kwenda mpakani mwa Uhispania ilikuwa ikiikata njia ya ndege moja kwa moja, na kila ndege ilipotua au kuruka, magari na watu walizuiwa kwa vizuizi mpaka ipite. Mwaka 2023 lilifunguliwa handaki la magari, lakini waendao kwa miguu bado wanavuka juu ya lami ile ile ya ndege, na bado wanasimamishwa. Tazama mpangilio ule: barabara hufungwa kwanza, ndege ndiyo hufuata. Kwetu hakuna kizuizi wala askari, kwa hiyo lazima ujipangie kinachofanana na hicho kwa simu, kwa macho, na kwa utayari wa kupaa tena.

Kijue kivuko kabla hujakiona

Kila kivuko kina saa zake. Ukizijua, nusu ya hatari umeshaikwepa ukiwa bado unakunywa chai.

Shule hufunguka asubuhi na watoto hurudi alasiri, kuanzia saa tisa hivi. Ijumaa karibu na saa saba wanaume huelekea msikitini kwa makundi, na baadaye hurudi kwa makundi. Siku ya soko ni mtihani mkubwa zaidi, na hapa mgeni hupotea, kwa sababu juma la asili la Wamijikenda lina siku nne, na baadhi ya masoko bado yanafuata mzunguko huo. Chete, yaani soko, ya leo haitakuwa siku hii hii juma lijalo. Usikisie. Uliza.

Kama kiwanja kiko karibu na bahari, uliza na maji. Wakati wa bamvua, yale maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka sana mnamo saa nne na saa tano za asubuhi, na ndio wakati akina mama hushuka mwambani kutafuta pweza, na wachuuzi wa samaki kuwafuata. Kijia ambacho siku za maji mafu hakina mtu, siku ya bamvua kina msururu. Sijapata kuona ramani ya anga yenye habari hiyo, lakini mvuvi yeyote atakupa bila hata kufikiri.

Basi mtafute mtu wa kiwanja. Karibu kila kiwanja kina mlinzi, au mzee anayefyeka nyasi, au mwenyekiti wa stendi ya bodaboda iliyo jirani. Hifadhi namba yake na umpigie jana yake, kisha umpigie tena kabla ya kuruka. Mazungumzo yangu na mzee mmoja wa upande wa Kilifi huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Waja leo?"

"Naja inshallah, kama saa nne u nusu. Barabara ikoje?"

"Leo kuna matanga kwa jirani, watu wengi. Ukichelewa mpaka saa sita watakuwa wamekwisha kuzika."

Nikafika saa sita na robo. Hakuna huduma ya redio ambayo ingenipa habari ile.

Pamoja na hayo, soma NOTAM (matangazo rasmi kwa marubani), angalia kitabu cha taarifa za anga kinasema nini kuhusu urefu na uso wa njia, na hakikisha kiwanja kinaruhusiwa kutumika na mwenyewe amekubali. Hilo la kawaida mmefundishwa, sina la kuongeza.

Mpangie mlinzi kazi yake

Mlinzi mmoja hawezi kufunga pande mbili za barabara. Omba wawili, kila upande mmoja, wenye vizibao vya kung'aa na kamba au mnyororo wa kutanda njiani. Walipe vizuri na kwa wakati. Mtu anayesimama juani kukulindia roho yako na roho za majirani zake hastahili kuambiwa "nitakutumia kesho".

Kubalianeni ishara moja tu, na iwe ya kuthibitisha. Sisi hutumia shuka jeupe linalotandazwa chini kando ya kivuko, upande ninaoweza kuliona kutoka juu. Shuka likitandazwa, barabara imefungwa pande zote mbili na wao wamesimama. Shuka lisipoonekana, sijaruhusiwa. Msipatane kinyume chake, eti atapunga kitambaa chekundu kukiwa na hatari, kwa sababu siku mlinzi amekwenda kujisaidia, au simu imemshughulisha, hakutakuwa na kitambaa chochote, na wewe utadhani ni salama.

Barabara isifungwe mapema mno. Watu wakizuiwa muda mrefu bila kuona ndege, huanza kupenya mmoja mmoja, na bodaboda ndio wa kwanza. Mwambie mlinzi afunge anapoiona ndege juu ya kiwanja, na afungue baada ya ndege kusimama kabisa na injini kunyamaza. Hapo kwenye kufungua msisitizie sana. Ndege inapopita chini bila kutua, wanaongoja hudhani mambo yamekwisha, na wote huingia kwa pamoja kama abiria wa Likoni lango la feri linapofunguliwa.

Piga hesabu na kivuko kikiwa ndani yake

Chukua kiwanja cha lami cha mita 1,000, barabara inakikata mita 650 kutoka upande mmoja, yaani mita 350 kutoka upande wa pili. Unatua wapi?

Njia bora, ikiwezekana, ni kuhesabu kwamba njia ya ndege imeishia kwenye kivuko. Unatua ukianzia upande wenye mita 650 na kusimama kabla ya barabara, na anayevuka hakuhusu. Cessna 172 iliyojaa, usawa wa bahari, joto letu la nyuzi 30, bila upepo, inahitaji kwa jedwali la kitabu cha ndege kama futi 1,400 kutoka urefu wa futi 50 hadi kusimama, na katika hizo kama futi 600 ni za kukimbia ardhini. Futi 1,400 ni karibu mita 430. Lakini jedwali lilitengenezwa na rubani wa majaribio, ndege mpya, breki mpya. Mamlaka ya anga ya Uingereza huwashauri marubani wa ndege ndogo wazidishe umbali wa kutua kwa 1.43, nami naifuata bila kupunguza. Unapata kama mita 610. Mita 650 zinatosha, ingawa kwa chembe.

Sasa kiwanja hicho hicho kiwe cha nyasi kavu. Kitabu cha 172 kinataka uongeze asilimia 45 ya ule mwendo wa ardhini. Mita 430 zinakuwa zaidi ya 510, na ukizidisha kwa 1.43 umepita 720. Mita 650 hazitoshi tena. Sitasema usitue, lakini huwezi tena kujifanya kivuko hakikuhusu: lazima kifungwe na watu, na shuka jeupe uone kwa macho yako. Nyasi zikiwa mbichi kwa mvua za masika, mimi hurudi Mombasa.

Upepo wa nyuma ndio mtego mkubwa, kwa sababu mara nyingi upande wenye mita nyingi kabla ya kivuko ndio upande usiofaa kwa upepo, na rubani hushawishika. Kwa 172, kila noti 9 (maili za baharini kwa saa) za upepo wa mbele hupunguza umbali kwa asilimia 10, lakini noti 2 tu za upepo wa nyuma huuongeza kwa asilimia 10. Noti 4 nyuma yako ni asilimia 20, na zile mita 650 zimekwisha.

Ikibidi kutua kutoka upande wa mita 350, utavuka barabara ukiwa hewani na kugusa ng'ambo yake. Hapa watu wengi hulenga karibu mno na kivuko ili wapate lami ndefu mbele. Fanya hesabu. Ukishuka kwa pembe ya kawaida ya nyuzi 3 na kulenga mita 100 baada ya barabara, utakuwa mita 5 tu juu yake, na magurudumu yako yananing'inia chini ya macho yako. Kanuni za Marekani, zinapopima vizuizi karibu na viwanja, huhesabu barabara ya umma ya kawaida kuwa kizuizi cha futi 15, yaani mita 4.6, kwa ajili ya gari linaloweza kupita. Kenta lililopakiwa magodoro, na kijana amekaa juu ya magodoro, sitaki kulipita kwa tofauti ya kiwiko. Lenga mita 200 baada ya barabara. Utaivuka ukiwa mita 10 hivi juu yake, na bado una mita 450 mbele kwa ndege inayohitaji chini ya 200 za kukimbia kwenye lami kavu.

Kivuko kikiwa katikati kabisa ya njia fupi, huwezi kusimama kabla yake wala kugusa baada yake. Hapo hakuna ujanja wa hesabu. Kimefungwa na umeona kimefungwa, au hutui.

Upepo wetu, na sauti isiyofika

Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki, na kusi huanza Aprili ikazidi Juni na Julai, ikitoka kusini na kusini-mashariki. Pale Moi hilo lina maana rahisi: kaskazi yakubaliana na njia ya 03 (inayoelekea nyuzi 30 hivi za dira), na kusi ikikaza, ile njia fupi ya 15 (nyuzi 150 hivi) ndiyo inayoitazama vizuri zaidi. Viwanja vidogo havina uchaguzi wa njia mbili. Asubuhi mapema umande, yaani upepo wa nchi kavu, hutoka bara polepole, kisha upepo wa bahari huingia, na alasiri ya Julai unaweza kukusukuma pembeni kwa nguvu. Nikiweza kuchagua, hutua asubuhi baada ya watoto kuingia darasani na kabla bahari haijaamka.

Lakini kuna jambo la upepo ambalo sikulipata kitabuni. Unapotua ukiutazama upepo, upepo unavuma kutoka kwa watu wa kivuko kuja kwako. Sauti ya injini yako inarudishwa nyuma. Tena umepunguza nguvu, injini inanong'ona tu. Wewe uliye ndani unasikia kelele na kudhani kijiji kizima kinakusikia. Simama siku moja kwenye kivuko, kusi ikivuma, mwenzako akitua. Utaiona ndege imeshafika ndipo uisikie. Mwendesha bodaboda mwenye helmeti na injini yake chini yake hasikii kabisa.

Kwa hiyo washa taa ya kutulia, mchana kweupe, kila mara. Na usishuke kwa injini iliyonyamaza. Shuka na nguvu kidogo, flapu (vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua) zikiwa chini, ili kuwe na sauti na ili injini iwe tayari kuitika.

Neno kwa wanaotoka Wilson. Kule mko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na hewa nyepesi hufanya mwendo wenu halisi kuwa karibu sehemu moja ya kumi zaidi ya ule unaoonyeshwa na kipimo. Macho yenu yamezoea ardhi kukimbia. Mkija Pwani na kipimo kikisoma noti 65 zile zile, ardhi itaonekana kutambaa, na mkono utataka kuinamisha pua. Usiufuate. Kila asilimia 10 ya mwendo uliozidi ni asilimia 20 na ushei ya nguvu ambayo breki lazima ziimalize, na barabara iko mbele. Amini kipimo.

Pita kwanza, uone

Ukifika, ruka juu ya kiwanja kwa futi 1,000 ukisoma mfuko wa upepo, huku ukitangaza redioni kwa masafa ya eneo hata kama hakuna anayejibu. Kisha shuka upite mara moja kwa futi 500 hivi, kidogo kulia kwa njia ya ndege, ili njia yote iwe upande wako wa kushoto, chini ya dirisha lako. Usipite juu yake hasa, hutaona kitu.

Katika kupita huko macho yasiwe kwenye lami peke yake. Angalia barabara mita mia mbili kila upande wa kivuko. Nani anakuja? Kwa kasi gani? Kuna vumbi la gari nyuma ya minazi? Kuna mbuzi bila mchungaji? Mbuzi hukimbia, ng'ombe hufuatana, na punda husimama pale pale aliposimama, hata umpigie kelele gani. Angalia pia uso wa kivuko chenyewe. Magari huburuta mawe na tope juu ya njia ya ndege na kuchimba makorongo, hasa baada ya mvua. Gurudumu la pua likiingia korongoni kwa noti 40, propela hugusa ardhi. Hata kama kivuko ni kitupu, panga kukipita ukiwa umeshapungua hadi mwendo wa mtu anayetembea haraka, au usikifikie kabisa.

Kisha jua hili: kule kupita kwako kumewaita watoto. Wakisikia ndege huacha kila kitu na kukimbilia kiwanjani. Njia uliyoiona tupu sasa ina wageni wanaoikaribia kutoka kila boma. Kwa hiyo ukigeuka kwenye mzunguko wa kuja kutua, uliyoyaona dakika tatu zilizopita yamechakaa. Tazama upya.

Futi 200

Mtu mzima anatembea kama mita 1.4 kwa sekunde. Njia ya ndege ya upana wa mita 23 humchukua sekunde 16 au 17. Wewe kwa noti 60, ambazo ni kama kilomita 110 kwa saa, unakula mita 31 kila sekunde. Kabla hajamaliza kuvuka, umekwenda nusu kilomita. Mkokoteni wa maji uliojaa madumu huenda nusu ya mwendo huo, kwa hiyo unahitaji nusu dakika na zaidi, na katika muda huo umekwenda kilomita nzima. Kilomita moja kabla ya kugusa, kwa nyuzi 3, ni kama futi 170 juu ya ardhi.

Ndiyo sababu mpaka wangu ni futi 200. Nikifika hapo, kivuko kiwe kitupu, kingo zake ziwe zimetulia, na kama tulipatana shuka, nilione. Kimoja kikikosekana napaa tena. Mwanafunzi wangu namtaka aseme kwa sauti: "Kivuko kitupu, kingo zimetulia, natua." Akishindwa kuyasema kwa ukweli, mkono wake unasukuma nguvu yote bila mjadala.

Baada ya futi 200 usiache kutazama kingo. Nilikuwa na mwanafunzi tukishuka kwenye kiwanja kimoja cha murramu, na mvuta mkokoteni akasimama ukingoni, vizuri kabisa, miguu pamoja. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kama tulivyofundishwa sote kuvuka barabara. Kisha akaingia. Hakutazama juu, kwa sababu hakuna barabara ambayo gari lake hutoka mbinguni. Tulikuwa tumeshaanza kusukuma nguvu alipoinua mguu wa kwanza, maana mwanafunzi yule alikuwa akiangalia miguu ya mtu na si uso wake. Anayekutazama si lazima awe amekuona, na aliyesimama hajakuahidi kitu.

Kupaa tena ni hivi: nguvu yote, pua usawa kwanza ili mwendo ujengeke, flapu kutoka mwisho hadi nyuzi 20, subiri zikubali, kisha panda, na zilizobaki uziondoe kidogo kidogo. Usivute usukani kwa hofu kuwakwepa watu, kwa sababu ndege iliyopoteza mwendo huwaangukia wale wale. Sogea kidogo kulia ili njia na watu wabaki dirishani kwako. Pwani hewa ni nzito na injini ina nguvu kuliko mlivyozoea bara, itaitika vizuri. Abiria uwe umewaambia mapema, kabla ya kuruka: "Huenda tukapaa tena kabla ya kugusa, ni kawaida." Wakijua hawatapiga kelele, nawe hutaona haya.

Wala usione haya mbele ya mwenye ndege. Kila kupaa tena ni lita chache za mafuta. Ajira yako ikikufanya uyahesabu mafuta hayo dhidi ya mtu aliye njiani, tafuta ajira nyingine.

Ukishagusa

Gusa pale ulipopanga. Mpaka robo ya kwanza ya umbali uliojiwekea ikipita hujagusa, paa.

Magurudumu yakiwa chini, ondoa nguvu, kaza breki kwa mstari ulionyooka, inua flapu ili uzito ukae kwenye matairi, na uvute usukani nyuma. Fanya hivyo hata kama kivuko ni kitupu, kwa sababu dakika hiyo hiyo kinaweza kujaa. Ndege haina honi.

Mtu akiingia wakati umeshapungua mwendo na huwezi kuruka tena, endelea kukaza breki. Usijaribu kupita nyuma yake wala mbele yake kwa kubahatisha, kwa kuwa mtu aliyeshtuka katikati ya njia mara nyingi hugeuka na kurudi alikotoka. Kama kusimama hakuwezekani, toka nje ya njia mapema, uingie kwenye nyasi upande ulio mtupu. Utavunja gurudumu, pengine bawa. Amua hilo leo, ukiwa umekaa, kwa sababu kule hakutakuwa na nafasi ya kuipenda ndege.

Ukihitaji kuvuka barabara ile wakati wa kutembea na ndege kwenda maegeshoni, simama kabisa kabla yake kama gari linavyosimama kwenye reli. Tazama pande zote mbili, subiri mlinzi akupungie, kisha vuka polepole.

Watakukimbilia. Watoto kwanza, kisha bodaboda wanaotafuta abiria. Propela inayozunguka haionekani, na mtoto anaona njia tupu ya kufikia mlango. Zima injini mara tu unaposimama, hata kama una mpango wa kuondoka baada ya dakika tano, na mlango usifunguliwe mpaka propela itulie. Toka wewe kwanza, uwasalimu watu, umuulize mzee wa kiwanja kama kuna aliyeshtuka au kuumia kwa ajili yako. Kama ndege imegusana na mtu, mnyama au chombo, usiiondoe mahali pake zaidi ya kinachohitajika kuokoa maisha, mpeleke majeruhi hospitali, na utoe taarifa kwa mamlaka ya usafiri wa anga na wachunguzi wa ajali siku ile ile.

Kabla ya kuondoka tembea kwa miguu hadi kwenye kivuko. Okota mawe makubwa. Pima korongo kwa kiatu chako. Andika kwenye daftari: barabara imepanuliwa au la, kuna duka jipya au shule mpya upande gani, siku ya chete ijayo ni lini, namba ya mlinzi ni ile ile au imebadilika. Jioni, mtumie ujumbe huo rubani mwingine yeyote unayejua anakwenda kiwanja kile wiki hiyo.